Mafuta ya Taa Ndani ya Nyumba Zetu

Mwezi uliopita, baada ya Swala ya Alasiri, nilifuatana na mke wangu kwenda kumtazama jirani yetu aliyekuwa ametoka hospitali. Ni mama wa makamo, mjane, ambaye kwa miaka mingi ameulisha mtaa mzima mahamri ya asubuhi na viazi vya karai vya jioni. Mikono yake miwili ilikuwa imefungwa bendeji mpaka viwikoni, na nyusi zake hazikuwapo. Alitukaribisha kwa bashasha kama ilivyo ada yake, akamwita mjukuu atuletee kahawa, kisha akanitazama na kusema: "Sheikh, mafuta ya taa nimeyatumia tangu niko msichana. Leo yamenigeukia, na sijui nimekosa wapi."

Nilimjibu kwa maneno ya faraja kama inavyostahiki kwa mgonjwa, lakini njiani nikirudi nafsi yangu haikuridhika. Mama yule hakuniuliza juu ya kudra. Katika jambo la subira yeye ndiye angenisomesha mimi. Aliniuliza juu ya mafuta. Nami nikatambua kwamba kitu hiki tumeishi nacho jikoni, chini ya vitanda vyetu na nyuma ya milango yetu, tukijua bei yake kila mwezi, lakini tabia yake hatuijui. Nikarudi kwenye vitabu, nikawauliza pia wenye ilimu ya kemia, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mafuta ya taa hutoka katika mafuta ghafi, yale mazito meusi yachimbwayo ardhini. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa vitu vingi kwa pamoja, na kila kimoja kina joto lake la kuchemka. Yakipashwa moto, vilivyo vyepesi hutangulia kupaa kuwa mvuke, na vilivyo vizito hufuata. Mvuke ule ukipozwa hurudi kuwa maji maji, kila tabaka mahali pake. Mama zetu waliowahi kuona marashi ya mawaridi yakikenekwa wanaijua kazi hii. Tofauti ni ukubwa wa mitambo tu. Petroli ni katika watangulizi. Mafuta ya taa huja baadaye, baina ya nyuzi 150 na 300 za Selsiasi au karibu na hapo, kisha hufuata dizeli, na mwisho kabisa hubaki lami ya barabara. Kwetu Mombasa kazi hiyo ilifanyika Changamwe tangu mwaka 1963 mpaka 2013, kiwanda kilipoacha kusafisha. Tangu hapo mafuta huletwa na meli yakiwa yamekwisha kusafishwa.

Hapa nitoe kauli moja nje ya njia, kwa kuwa vijana wetu hudhani kila ilimu ya aina hii ilizaliwa Ulaya. Tabibu Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi, aliyefariki mwaka 925, alieleza katika Kitab al-Asrar jinsi ya kuyakeneka mafuta ya ardhini kwa chombo kiitwacho al-anbiq mpaka yakatoka meupe, nayo yakaitwa naft abyad. Msafiri al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, alitaja chemchemi za mafuta meupe kule Baku. Na huyu al-Masudi ni yule yule aliyesafiri kwa jahazi hadi pwani yetu na kufika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wataalamu wengi hukidhania kuwa Pemba. Ni kweli kwamba biashara kubwa ilikuja karne nyingi baadaye. Mwaka 1846 Abraham Gesner wa Kanada alionyesha hadharani mafuta aliyoyapata kutokana na makaa ya mawe, na jina aliloyapa, kerosini, alilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya nta. Baadaye mafuta hayo yakaenea ulimwengu mzima ndani ya mikebe ya bati ya galoni 4, na mkebe huo ndio debe letu. Mafuta yalipokwisha, debe lilikuwa kipimo cha mahindi, chombo cha kuchotea maji, na lilipokunjuliwa likaezeka nyumba.

Basi ndani ya mafuta haya mna nini? Mna vitu viwili tu vya asili: kaboni, ambayo ndiyo roho ya makaa, na haidrojeni, ambayo ni nusu ya habari ya maji. Kaboni hushikana mkono kwa mkono kama shanga katika uzi, na haidrojeni huzizunguka. Katika petroli nyuzi hizo ni fupi, aghalabu kaboni 4 mpaka 12. Katika mafuta ya taa ni ndefu zaidi, kiasi cha 10 mpaka 16. Tofauti hii ndogo ya urefu wa uzi ndiyo iliyomuunguza jirani yangu, na msomaji atanisamehe nikikaa hapa kwa muda.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mafuta yenyewe hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Uzi mfupi huruka kwa wepesi, uzi mrefu huwa mzito kuruka. Wataalamu hupima joto ambalo mafuta hutoa mvuke wa kutosha kumweka iwapo mwali utapitishwa juu yake. Kwa mafuta ya taa yaliyo safi, kiwango hicho hakipungui nyuzi 38. Kwa petroli ni karibu nyuzi 40 chini ya sufuri, yaani baridi kuliko barafu ya friza ya nyumbani. Maana yake ni kwamba katika mji wetu, mchana na usiku, kaskazi na kusi, hakuna saa hata moja ambayo petroli iliyo wazi haitoi mvuke wa kuwaka. Mafuta ya taa yana subira kidogo. Lakini subira ya nyuzi 38 si kubwa kwa watu wa pwani. Chupa iliyoachwa juani, dumu lililo kando ya jiko, tangi la jiko lililokuwa likiwaka saa mbili mfululizo, vyote hivyo huvuka kiwango hicho bila ya taabu.

Kiwango hicho hakikuwekwa bure. Zama za mwanzo za kandili watu wengi walikufa kwa taa zilizolipuka, kwa sababu wauzaji walichanganya mafuta mepesi yaliyokuwa hayana soko na mafuta ya taa yenye soko. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1879 kwa kutumia kipimo kilichobuniwa na Frederick Abel, na mpaka uliowekwa ulikuwa nyuzi 73 za Fahrenheit, ambazo ni karibu 23 za Selsiasi. Kwa London huenda ilitosha. Kwetu sisi, nyuzi 23 ni usiku wa mwezi wa Julai.

La pili ni utambi. Mafuta ya taa ni mepesi wa kutiririka na hupanda katika nyuzi za pamba yenyewe, bila ya kusukumwa. Utambi huyachukua kidogo kidogo, mwali huyapasha yale machache yaliyo nchani, yakawa mvuke, yakawaka. Ndiyo sababu mafuta yaliyotulia ndani ya chombo hayashiki moto kwa wepesi, lakini yakiwa katika utambi hushika mara moja. Sasa mama yangu, dada yangu, fikiri: kanga iliyomwagikiwa mafuta ya taa ni nini kama si utambi wenye upana wa mwili mzima? Buibui la kitambaa cha plastiki ni baya zaidi, kwani huyeyuka na kugandamana na ngozi. Huulizwa mara kwa mara na wanawake kama nguo iliyoingia mafuta ya taa yafaa kuswalia. Mafuta haya si najisi, na swala haibatiliki, ijapokuwa harufu yake ni karaha kwa wenziwe mtu katika safu. Lakini kabla ya kuuliza habari ya swala, ivue, iweke mbali na moto, ifue kwa sabuni na uianike nje. Usiipige pasi ikingali inanuka.

La tatu ni uzito. Lita moja ya maji ina kilo moja. Lita moja ya mafuta ya taa ina gramu 800 hivi, na petroli ni nyepesi zaidi. Mafuta wala hayachanganyiki na maji. Kwa hiyo anayemwagia maji mafuta yanayowaka huyabeba tu, yakaelea juu ya maji na kwenda kuwasha mkeka, pazia na kitanda. Mvuke wake, kinyume chake, ni mzito kuliko hewa. Mvuke wa petroli una uzito wa mara 3 hadi 4 ya hewa, na hautoki kwa dirisha la juu kama moshi wa udi. Hushuka, ukatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, ukapita chini ya mlango mpaka ukute jiko katika chumba cha pili. Ulipowaka kule, moto hurudi kwa njia ile ile mpaka kwenye dumu.

Nani asiyekumbuka Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, Sinai kule Nairobi tarehe 12 Septemba 2011, na Morogoro kwa ndugu zetu wa Tanzania tarehe 10 Agosti 2019? Sachangwan na Morogoro kila pahali walikufa watu zaidi ya 100 waliokusanyika kwenye lori lililopinduka. Wengi husema walikufa kwa tamaa ya kuchota. Mimi nasema walikufa pia kwa kutojua, kwani waliosimama mbali wakitazama tu nao walikuwa wamesimama ndani ya mvuke.

Sasa nirudi kwa jirani yangu. Siku ile ya pili nilipokwenda, nilimuuliza anihadithie tangu mwanzo. Jiko lake la mafuta lilikuwa likiwaka tangu saa nane za mchana. Baada ya Alasiri mwali ukaanza kufifia, na wateja wamesimama. Akalizima. Hakungoja lipoe, akatwaa chupa ya plastiki nyuma ya mlango, chupa ya maji ya dukani ya lita moja, akafungua tangi na kumimina. Anasema hakuwasha kiberiti. Palilia sauti kama ya pazia linalopasuka, naye akajiona mwali ukipanda mikononi.

Nyuma ya mlango ule mlikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa na mafuta ya taa. Ya pili ilikuwa ya mwanawe aendeshaye bodaboda, aliyehifadhi petroli ya dharura. Chupa ni moja, kifuniko ni kimoja, na harufu ya vitunguu na mafuta ya kukaangia ilikuwa imejaa pua. Kijana huyo alikuwa amekaa kizingitini tulipokuwa tukizungumza. Hakuinua kichwa.

Hata hivyo sikutaka aondoke na dhana kwamba kosa lilikuwa chupa pekee. Tambi za jiko lililozimwa punde hubaki na cheche zisizoonekana, na bati lake hubaki na moto wa kutosha kuyageuza mafuta safi kuwa mvuke. Lau angetia mafuta ya taa halisi katika jiko lile lenye joto, angeweza kuungua vile vile. Petroli iliondoa tu ile nafasi ndogo ya salama iliyokuwa imebaki.

Na kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi, nayo ni ya mchanganyiko. Mvuke hauwaki kwa kila kiasi. Ukiwa haba mno hauwaki, na ukizidi mno pia hauwaki, kwa kukosa hewa. Wa petroli huwaka ukiwa baina ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, wa mafuta ya taa baina ya 0.7 na 5. Ndani ya tangi lililofungwa, petroli tupu hutoa mvuke mwingi kupita kiasi, na mafuta ya taa yaliyo baridi hutoa mchache mno. Lakini mafuta ya taa yaliyotiwa petroli kidogo huweza kutoa kiasi kile kile kinachotakiwa na moto, ndani ya tangi lenyewe. Hapo haliwaki tu, hulipuka. Ajabu ni kwamba kidogo kinaweza kuwa kibaya kuliko kingi.

Je, petroli huingiaje? Aghalabu si kwa uovu. Muuzaji hutumia dumu moja kwa vyote viwili bila ya kuliosha, au mpira mmoja wa kuvutia. Uovu tulioujua zaidi nchini ni wa upande wa pili, wa kutia mafuta ya taa ndani ya dizeli kwa kuwa yalikuwa rahisi kwa bei, hata serikali ikaweka mwezi Septemba 2018 tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida hiyo iondoke. Tozo hiyo ilimwangukia nani kwa uzito zaidi, wenye malori au mama wa mahamri, hilo nawaachia wasomaji.

Mafuta yanayonuka ukali usio wa kawaida, au jiko linalotoa mwali wa kurukaruka tangu ulipotia mafuta mapya, hayo yatoe nje, usiyatumie hata kama umelipa. Msiyajaribu kwa kiberiti. Nimesikia watu wakifanya hivyo.

Nije kwenye kosa langu mwenyewe, ambalo nimelificha kwa miaka mingi. Binti yangu wa pili alipokuwa na umri wa mwaka na nusu, mimi ndimi niliyetia mafuta ya kandili ndani ya chupa ya sharubati na kuiweka chini ya meza. Mafuta yale ni meupe kama maji. Tulisikia kikohozi. Nikambeba, nikamtia kidole kooni atapike, na mama yangu, Mungu amrehemu, akamnywesha maziwa. Tukadhani tumefanya wema. Usiku pumzi zikaenda mbio na mbavu zikawa zinabonyea.

Daktari alinieleza jambo ambalo lau ningelijua mapema ningejizuia. Mafuta ya taa yakiingia tumboni hayadhuru sana, kwa kiasi anachoweza kunywa mtoto. Hatari yake ni mapafuni. Kwa sababu ya ule wepesi wa kutiririka unaoyapandisha katika utambi, tone dogo likipotea njia huenea juu ya mapafu kama doa la mafuta juu ya maji ya bandari, na kuyavuruga yale maji maji membamba yanayoyaweka mapafu wazi. Kumtapisha mtoto ni kuyapitisha mafuta kooni mara ya pili, na mara ya pili ndiyo huingia pabaya. Alilala hospitali siku sita. Leo ana watoto wake, na nyumbani kwake hakuna chupa ya sharubati yenye kitu kingine ila sharubati.

Basi mtoto akinywa, usimtapishe, usimlazimishe maziwa wala mafuta ya nazi. Mvue nguo iliyolowa, mwoshe mwili, mkalishe wima, na umpeleke hospitali pamoja na chupa aliyonywea, hata akionekana mzima, kwa kuwa madhara huchelewa kwa saa kadhaa. Na wale wanaowapaka watoto mafuta ya taa kichwani kwa ajili ya chawa, nawasihi waache. Yanachubua ngozi, mvuke huvutwa puani, na nywele za mtoto huwa ni tambi elfu kwa elfu.

Kuna habari ya moshi nayo nitaipitia kwa ufupi. Lita moja ya mafuta ya taa ina nguvu ya kuweza kuchemsha lita 100 za maji, lau hakuna kinachopotea. Ili iungue vyema huhitaji hewa ya mita za ujazo 10 hivi, ambayo ni zaidi ya thuluthi ya hewa yote iliyomo katika chumba cha futi 10 kwa 10. Hewa ikipungua, kaboni haipati oksijeni ya kutosha, ikatoka kama masizi, na pia kama gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Mwali wa manjano wenye moshi ni dalili ya kwamba utambi umepandishwa kupita kiasi au dirisha limefungwa. Msilale na jiko au kandili inayowaka chumbani, hata msimu wa mvua.

Na likiwaka jiko, usilibebe kulitoa nje. Wengi waliungua hivyo hivyo, mafuta yakiwamwagikia miguuni wakikimbia. Funika kwa sinia kubwa, au kwa blanketi zito lililoloweshwa na kukamuliwa, au mwaga mchanga. Mtu akishika moto, alale chini abingirike. Kidonda cha moto kipozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, kisha kifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, ute wa yai, samli na unga havipozi kitu, na huwapa wauguzi kazi ya kuvikwangua juu ya nyama mbichi. Jirani yangu alipakwa dawa ya meno. Aliniambia kule kukwanguliwa kulimuuma kuliko moto.

Wiki hii nilipita tena kwake. Bendeji ya mkono wa kushoto imeondolewa. Jiko jipya la makaa limewekwa uani, kwa mchango wa akina mama wa mtaa, na lile la mafuta limebaki kwa siku za mvua. Nyuma ya mlango hamna chupa. Mwanawe amenunua dumu la bati lenye kifuniko cha kubana, akalipaka rangi nyekundu, akalifungia kibandani nje ya nyumba, na ufunguo anao mama. Petroli ya bodaboda haiingii tena kizingitini. Nilipoaga, mama aliniomba nimwandikie kwa herufi kubwa juu ya dumu jingine, lile la mafuta ya taa, kwa kuwa mjukuu wake ameanza kusoma. Nikaandika kwa Kiswahili upande mmoja, na kwa herufi za Kiarabu upande wa pili, kwa kuwa bibi mwenyewe ndizo anazozisoma.